Vinundu vya Kurithi: Tiba Zilizopo na Mfuko Wetu wa Jamii

Mazungumzo ya Kamati ya Ustawi, siku ya kilele cha maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi



Tumewekwa baada ya taarifa ya Mweka Hazina na kabla ya pilau, mahali pagumu kuliko pote katika ratiba. Taarifa ya Mweka Hazina mmeipigia vigelegele, na inastahili. Kikundi kilichoanza chini ya mwembe na sanduku la bati lenye kufuli tatu, leo kina wanachama wenye cherehani zao, mabanda ya kuku, na watoto walioko sekondari. Hayo yameshaelezwa. Sisi tunataka kuzungumzia ule mfuko mdogo, Mfuko wa Jamii, ambao kila mkutano tunaudondoshea mchango haraka haraka ili tufike kwenye hisa.

Tutaufikia kwa njia ya ugonjwa. Miaka iliyopita mada ya afya ilikuwa malaria, uzazi wa mpango, presha, kisukari. Mwaka huu Kamati imechagua ugonjwa ambao wengi wenu hamjapata kuusikia kwa jina, ingawa mmeuona kwa macho. Mwenzetu mmoja anao, na binti yake anao. Ametupa ruhusa tuuzungumze, maadamu jina lake lisiandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Yupo hapa, safu ya mbele, amevaa kitenge cha kikundi kama sisi sote. Wanaomjua wanamjua, na wasiomjua hawana haja ya kumtafuta.

Madaktari wanauita nyurofibromatosi aina ya kwanza. Jina refu, tunakubali. Maana yake kwa kifupi ni ugonjwa wa vinundu vinavyoota kwenye mishipa ya fahamu. Watu wa hapa husema chunjua, wengine majipu yasiyoiva, wengine wanasema kalogwa. Daktari Mjerumani aitwaye Friedrich von Recklinghausen ndiye aliyeueleza vizuri mwaka 1882, na ndiyo maana kwenye vitabu vya zamani utaukuta kwa jina lake. Si ugonjwa wa Waafrika wala wa Wazungu, si wa wanawake wala wa wanaume. Huzaliwa nao takriban mtoto mmoja katika kila watoto 3,000, dunia nzima. Kwa hiyo ni nadra, lakini si nadra kiasi cha kutokuwepo. Wilaya yenye watu laki tatu yaweza kuwa nao kama mia moja. Wako wapi? Wengi wamejifunika khanga.

Unatokeaje? Muuguzi wetu mstaafu, ambaye ni mjumbe wa Kamati, alitufafanulia hivi na sisi tukaelewa. Kila chembe ya mwili inakua na kugawanyika kwa amri, na ina breki ya kuizuia isizidishe. Breki mojawapo imeandikwa kwenye jeni iliyoko katika kromosomu ya 17, iliyotambuliwa na wataalamu mwaka 1990. Kila mtu anazo nakala mbili za breki hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye ugonjwa huu amezaliwa nakala moja ikiwa mbovu, mwili mzima. Mnalijua lori linaloteremka kutoka Lushoto kuja Mombo. Likiwa na breki mbili na moja imekufa, dereva bado anafika. Lakini kona ile ambayo na ya pili inakataa, hapo ndipo lori linapoacha njia. Vivyo hivyo mwilini. Mahali ambapo nakala ya pili nayo inaharibika, hapo ndipo kinundu kinaota. Ndiyo maana viko hapa na pale, na ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa nao wote, mmoja akawa na madoa tu, mwingine akajaa vinundu.

Dalili zake ni hizi. Mtoto huzaliwa na madoa ya rangi ya kahawia, au huyapata katika miaka ya mwanzo, yaliyo bapa kama maji ya chai yaliyomwagika kwenye ngozi. Doa moja au mawili si kitu, watu wengi wanayo. Yakifika sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kwa mtoto, au milimita 15 kwa aliyekwisha balehe, hapo mpeleke akaonekane. Baadaye huja vidoa vidogo vidogo kwapani na kwenye kinena, mahali ambapo jua halifiki. Vinundu vya ngozi kwa kawaida huanza wakati wa kubalehe, na huongezeka kadiri umri unavyoenda. Ujauzito nao huvizidisha. Mwenzetu anasema kila mimba ilimletea vipya, na wifi zake walihesabu vinundu kuliko walivyohesabu miezi.

Haiambukizi. Tulirudie hili, maana lina pesa ndani yake. Huwezi kuupata kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja, kunyonyesha, wala kula kitumbua kilichopikwa na mwenye vinundu. Mwenzetu aliuza vitumbua na chai stendi kwa miaka. Abiria walikuwa wakinyoosha mkono dirishani, wakiona mkono wake wanarudisha noti mfukoni. Akahamia kuuza mkaa, kwa sababu mkaa hauliwi. Ukipiga hesabu ya miaka ile, ugonjwa huu ulimpunguzia kipato zaidi kuliko ulivyompunguzia nguvu.

Wengine waliuita ukoma. Ukoma ni kitu kingine: unaletwa na vijidudu, doa lake mara nyingi hufa ganzi, na unapona kabisa kwa dawa zinazotolewa bure. Kwa hiyo hata kama mtu ana wasiwasi wa ukoma, jibu ni lile lile, nenda kituo cha afya ukapimwe, wala usikimbie.

Na je, ni kosa la nani? Swali hili huulizwa nyumbani, na jibu lake huwa moja: mama. Jibu la kweli ni hili. Karibu nusu ya wagonjwa hawana mzazi mwenye ugonjwa. Jeni imeharibika yenyewe, kwa mara ya kwanza, katika mbegu ya baba au yai la mama, bila mtu kufanya jambo lolote. Nusu nyingine wameurithi, na anayerithisha anaweza kuwa baba sawasawa na mama. Mzazi mwenye ugonjwa, kila mimba ni kama kurusha shilingi juu: nusu kwa nusu. Akizaa watoto wanne, wanaweza kuupata wote wanne, au asipate hata mmoja. Mwenzetu ana watoto watatu, na aliyeupata ni yule wa mwisho, mwenye miaka mitano. Talaka haibadilishi hesabu hiyo. Tunalisema hili mbele ya akina baba kwa makusudi.

Sasa tuje kwenye tiba, ambayo ndiyo mada yenyewe.

Tuanze na lililo gumu. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu mwilini ukaisha kabisa haipo. Si hapa, si Nairobi, si India, si Ulaya. Jeni mbovu iko katika kila chembe ya mwili, na hadi leo hakuna aliyeweza kuitengeneza kwa mgonjwa. Atakayekuambia anaumaliza, awe na koti jeupe au awe na mkia wa nyumbu, anauza upepo. Mwenzetu aliwahi kununua upepo huo. Alikuja mtu mnadani na turubai lake, na vichupa, akasema vinundu vitadondoka vyenyewe kwa siku arobaini. Mgao wake wote wa mwaka ule, fedha aliyoikusanya hisa kwa hisa, uliingia kwenye mkoba wa mtu yule. Dawa ilikuwa ya kuunguza. Kovu lipo shingoni mpaka leo, na kinundu kiko pembeni yake.

Lakini kutopona na kutotibika ni maneno mawili tofauti. Kisukari hakiponi, na bibi zetu wangapi humu wanaishi nacho wakilima? Ugonjwa huu nao una madhara yake mbalimbali, na karibu kila dhara lina tiba yake. Kazi ni kujua kinundu kipi cha kuachwa, kipi cha kutolewa, na kipi cha kukimbizwa hospitali kesho asubuhi.

Kinundu cha juu ya ngozi, laini, kisichouma, chaweza kuachwa. Vinundu hivi vya ngozi havigeuki saratani. Vinaweza kuwasha, na vinaweza kuudhi pale vinaposuguliwa na sidiria au ukosi wa gauni. Kinachosumbua kinaweza kutolewa. Daktari huchoma sindano ya ganzi, hukikata na kushona, na mtu hurudi nyumbani siku ile ile. Wakati mwingine hutolewa kadhaa kwa mara moja. Katika nchi zenye vifaa, hutumia mwanga wa leza au kifaa cha umeme cha kuunguzia na kutoa makumi, hata mamia, katika kikao kimoja mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Makovu hubaki, na wenye ngozi inayoota makovu makubwa wamwambie daktari mapema. Aidha, vipya vitaendelea kuota, kwa kuwa breki ile ni mbovu bado. Je, kuna faida basi ya kuvitoa? Sisi tunasema ipo. Mtu akitolewa vinundu vitano vya usoni na mikononi akaweza kurudi stendi kuuza vitumbua, hiyo ni tiba, wala isiitwe urembo.

Kuna uvimbe wa aina nyingine, ambao haukai juu kama punje bali umetandaa ndani, ukifuata mshipa wa fahamu na matawi yake. Huu mara nyingi mtu huzaliwa nao, na wenye kuwa nao ni wengi, karibu theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa, ingawa wengine hawajui. Unaweza kuvimbisha upande wa uso, kukandamiza njia ya hewa, au kuukunja uti wa mgongo. Upasuaji wake ni mgumu. Umeona mizizi ya mwembe ilivyoingia kwenye ukuta wa nyumba ya udongo? Ukiing'oa yote, ukuta unakuja nayo. Mishipa ya damu ndani yake ni mingi, hivyo damu hutoka sana, na ndugu hutakiwa kuchangia damu kabla. Mara nyingi daktari hupunguza sehemu tu, ile inayoleta taabu, na kuacha nyingine ili mkono usipooze. Mgonjwa asiyeelezwa hivyo hudhani ameibiwa nusu ya operesheni. Kwa hiyo uliza kabla hujaingia chumba cha upasuaji: mtatoa kiasi gani, na mtaacha nini, na kwa nini?

Huu uvimbe wa ndani ndio unaoweza kugeuka saratani. Katika wagonjwa mia moja, kati ya wanane na kumi na watatu hupata saratani ya aina hii maishani mwao. Tunaomba mzikariri dalili zake: uvimbe uliokuwa laini unakuwa mgumu, uliokuwa kimya unauma mfululizo, hasa usiku, unakua haraka kwa wiki au miezi michache, au mguu, mkono, unaanza kukosa nguvu au kufa ganzi. Ukiona mojawapo usingoje siku ya mkutano. Tiba ya saratani hiyo ni kuikata yote mapema, pamoja na nyama nzima iliyoizunguka, kabla haijasambaa. Mionzi na dawa za saratani zinaweza kuongezwa, lakini kisu cha mapema ndicho chenye kuokoa. Ikishafika kwenye mapafu, nafasi inakuwa ndogo sana.

Kwa watoto wadogo shughuli kubwa ni macho. Takriban watoto 15 katika mia huota uvimbe kwenye mshipa wa jicho, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, na kwa kawaida hujitokeza kabla ya miaka saba. Mtoto hasemi haoni. Yeye anadhani kila mtu anaona hivyo. Kwa hiyo apimwe macho kila mwaka na mtaalamu wa macho, si kwa kunyooshewa vidole sebuleni. Wengi wa watoto hao hawahitaji tiba yoyote ila kuangaliwa tu. Uoni ukianza kupungua, hupewa dawa za saratani kwa njia ya mshipa, karboplatini na vinkristini, ambazo zimetumika miaka mingi na zinajulikana. Mionzi huepukwa sana kwa watoto wenye ugonjwa huu, kwa sababu inaweza kuzaa uvimbe mwingine miaka ya mbele. Mzazi akiambiwa mtoto wake achomwe mionzi, ana haki ya kuuliza kama daktari anajua kuwa mtoto ana ugonjwa huu wa vinundu.

Na shule jamani. Karibu nusu ya watoto hawa, au zaidi, hupata shida ya kujifunza au kutulia. Mwalimu anaandika "mvivu" kwenye ripoti. Si mvivu, anahitaji kukaa mbele, kurudiwa maelezo, na kupewa muda.

Presha nayo isisahaulike. Kijana wa miaka ishirini mwenye vinundu akikutwa na presha ya juu, isichukuliwe kuwa ni chumvi tu. Yaweza kuwa mshipa wa damu wa figo umebanwa, au uvimbe umeota kwenye tezi iliyo juu ya figo. Yote mawili yana tiba, na la pili ni hatari likigundulika mtu akiwa tayari mezani kwa upasuaji au kwenye uchungu wa kuzaa. Kupima presha hakuchukui dakika tano. Mama mjamzito mwenye vinundu awaambie wakunga siku ya kwanza ya kliniki.

La mwisho katika madhara, na hili ni letu wanawake. Mwanamke mwenye ugonjwa huu, akiwa chini ya miaka 50, ana uwezekano wa kupata saratani ya matiti mara nne hadi tano kuliko mwanamke mwingine wa umri wake. Marekani wanashauri aanze kupigwa picha ya matiti kila mwaka akifika miaka 30. Huku kwetu mashine hizo si nyingi, lakini kujichunguza mwenyewe kila mwezi, na kumwonyesha muuguzi donge lolote la titi bila kusema "ah, ni kinundu changu cha kawaida", kunawezekana kila mahali. Hapo ndipo hatari ilipo: mtu aliyezoea vinundu hukizoea na kile kisichofaa kuzoewa.

Sasa, wengine mmesikia kuna vidonge vipya. Ni kweli vipo. Mwezi Aprili 2020 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo selumetinibu, kwa watoto wa miaka miwili na kuendelea wenye ule uvimbe uliotandaa, unaoleta taabu na usioweza kupasuliwa. Ilikuwa ya kwanza kabisa kuidhinishwa kwa ugonjwa huu. Inafanya kazi kwa kukanyaga breki nyingine chini kidogo ya ile iliyokufa. Katika utafiti wa watoto 50 uliochapishwa mwaka huo, watoto 35 uvimbe wao ulisinyaa kwa kiasi cha sehemu moja ya tano au zaidi, na maumivu yakapungua. Februari 2025 wakaidhinisha nyingine, mirdametinibu, kwa watoto na kwa watu wazima pia. Tumefurahi, na tunasema hivyo kwa moyo mweupe. Lakini hesabu ya kikundi haina aibu, tuiseme nayo. Kwanza, uvimbe husinyaa, hauishi, na dawa ikisimamishwa unaweza kukua tena. Pili, si dawa ya vile vinundu vidogo vya ngozi, havikuwa katika idhini hiyo. Tatu, inaleta vipele, kuharisha na vidonda pembeni mwa kucha, na moyo na macho lazima viangaliwe mara kwa mara. Na bei yake huko Marekani hufika zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Sanduku letu, na la kikundi jirani, na la Saccos ya walimu, yote tukiyafungua kwa pamoja hayalipi mwaka mmoja. Basi asitokee mtu wa kuwachangisha mtaani eti analeta dawa hiyo. Daktari bingwa ndiye ajuaye kama mgonjwa anaihitaji, na ndiye aulizwe kama kuna njia ya kuipata.

Njia ya hospitali ni ile mnayoijua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mkoa, kisha rufaa ya kanda. Omba barua ya rufaa, usiruke ngazi kwa hasira, maana utarudishwa na nauli imekwisha. Kwa upande wa ngozi sisi wa mikoa hii ya kaskazini tuna bahati. Pale KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, kinachowafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa mambo ya mishipa ya fahamu na uti wa mgongo kuna Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili, na kwa saratani kuna Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam. Picha ya MRI, inayoonyesha uvimbe wa ndani, inapatikana katika hospitali kubwa chache, na si kila mgonjwa anaihitaji. Daktari atakayempapasa na kumuuliza vizuri ndiye ataamua.

Sasa tufike kwenye Mfuko.

Mwaka juzi uvimbe wa pajani wa mwenzetu ulianza kuuma usiku. Uliokuwa laini kama unga wa maandazi uliokandwa, ukawa mgumu. Muuguzi wetu akamwambia, hili lisingoje. Akaja kwenye mkutano kuomba. Katiba yetu, kifungu cha Mfuko wa Jamii, inasema mwanachama atasaidiwa akifiwa, akiunguliwa na nyumba, au akilazwa. Yeye hakuwa amelazwa. Alikuwa amesimama, na mguu unamuuma. Kwa hiyo kwa mujibu wa katiba hakustahili, na Katibu aliisoma kama ilivyoandikwa, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mwenzetu akakopa mkopo wa kawaida, wenye riba, akapanda basi la Moshi na khanga mbili. Alikatwa kipande kidogo kikapimwa maabara. Akangoja majibu wiki kadhaa, na wiki zile mkaa wake uliuzwa na mjomba wake kwa bei ya mjomba. Majibu yakatoka: si saratani. Uvimbe ukatolewa, mguu upo, na juzi mmemwona akicheza mdundiko hapa uwanjani.

Yupo aliyesema, na alisema kwa nia njema, kwamba kumbe fedha ile ilipotea bure. Hatukubaliani naye. Angekuwa na saratani na akasubiri mpaka alazwe, ndipo Mfuko ungemfungukia. Na kama angesubiri zaidi, ungemfungukia wazi kabisa: sanda, maturubai, mchele, ng'ombe. Tumepitia daftari la miaka kumi, ukurasa kwa ukurasa. Kilichotoka kwa ajili ya misiba ni kikubwa kuliko kilichotoka kwa ajili ya wagonjwa. Hatusemi tuache kuzikana, Mungu apishe mbali. Kuzikana ndiko kulikotuweka pamoja hata kabla ya hisa. Ila mtu apate nauli yetu angali anatembea.

Kamati inapendekeza kwamba Mfuko wa Jamii uweze kulipa nauli ya kwenda na kurudi na gharama ya kipimo kwa mwanachama, au mtoto wake, mwenye barua ya rufaa kutoka hospitali, bila kusubiri kulazwa. Ilipwe siku ile ile kwa saini za Mwenyekiti, Mweka Hazina na mjumbe mmoja wa Kamati, kisha mkutano uarifiwe. Stakabadhi zirudi. Mganga wa kienyeji na dawa za mnadani zisilipwe na Mfuko, ila mtu na fedha zake za mgao ni hiari yake. Kiwango cha juu tumekiacha wazi makusudi ili Mkutano Mkuu ukijadili, kwa sababu tunajua kuna wanaoogopa mfuko utakauka, na hofu yao si ya kipuuzi. Hesabu yetu ni kwamba mchango wa kila mkutano ukiongezwa kidogo tu, sawa na bei ya vitumbua viwili, Mfuko utastahimili. Mweka Hazina ameipitia na hakutikisa kichwa.

Mtoto wa mwenzetu atakwenda kupimwa macho mwezi ujao. Mara hii nauli imechangwa na wajumbe wa Kamati mifukoni mwetu, kwani katiba haijabadilika. Mwaka ujao atahitaji tena, na mwaka unaofuata, mpaka atakapokuwa mkubwa. Ndiyo maana tunataka kifungu, si harambee.

Rasimu ya kifungu imechapwa, kila mwanachama achukue nakala kwa Katibu na aisome nyumbani kabla ya Mkutano Mkuu. Baada ya chakula, mashine ya presha itakuwa kwenye meza ya chini ya mwembe, na muuguzi wetu atakaa hapo mpaka saa kumi. Akina baba nao wapime. Mwenye mtoto aliye na madoa sita au zaidi aje naye, hata kama amelala mgongoni. Atamtazama na kumweleza siku ya kliniki.